Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mji wa Kuishi Ughaibuni Unapohama na Kijana wa Sekondari

Mtoto wa miaka 4 huhama na ulimwengu wake wote, kwa kuwa ulimwengu wake ni wazazi wake. Kijana wa miaka 15 huuacha wake nyuma, pamoja na marafiki, timu, walimu waliomzoea na njia ambazo angeweza kuzipita hata amefumba macho, na huko aendako amebakiwa na miaka 3 hivi ya kuishi chini ya paa la wazazi. Muda huo ni mfupi mno kwa mzazi kukosea mji, kuligundua kosa, kisha kulirekebisha. Ndiyo maana mji unaowafaa wenye watoto wachanga, au wazee waliostaafu, unaweza kuwa kifungo kwa kijana hata kama unasifiwa na kila aliyewahi kuukanyaga.

Kipimo ninachokitumia katika mwongozo huu ni kimoja: kijana ataweza kufanya nini mjini humo peke yake, bila wewe, ndani ya miezi 6 ya kwanza? Kodi ya nyumba, mandhari na hali ya hewa ni mambo ya kweli, lakini yangoje zamu yake. Nachukulia kwamba nchi mmekwisha kuichagua, au zimebaki mbili au tatu, na kwamba mna uhuru fulani wa kuchagua mji. Ikiwa mwajiri amekwisha kukupangia mji, tumia hatua hizi hizi kuchagua mtaa, kwa sababu katika jiji kubwa tofauti ya mtaa na mtaa mara nyingi huzidi tofauti ya mji na mji.

Hatua ya 1: Hesabu miaka ya masomo iliyobaki

Kabla ya kufungua ramani yoyote, andika kwenye karatasi tarehe ya kuzaliwa ya kijana, darasa alilomo, mtihani mkubwa unaofuata, na mwezi mnaotarajia kusafiri. Karatasi hiyo ndogo itaondoa miji mingi kuliko utafiti wa wiki nzima.

Sababu yake ni kwamba elimu ya sekondari ya juu, katika nchi nyingi, hufungwa katika vipindi vya miaka 2 ambavyo havina mlango katikati. Nchini England masomo ya GCSE, yaani ya vyeti vya kwanza vya sekondari, kwa kawaida husomwa kwa miaka 2, mwaka wa 10 na wa 11, na mitihani hufanyika Mei na Juni mwanafunzi anapokuwa na miaka 15 au 16. Anayefika Januari ya mwaka wa 11 huwakuta wenzake wanafanya marudio ya mambo ambayo yeye hajayasoma hata mara moja. A-Level hufuata baada ya hapo kwa miaka 2 mingine. Diploma ya International Baccalaureate, taasisi iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, nayo ni ya miaka 2 kwa wenye umri wa miaka 16 hadi 19, na kuingia katika mwaka wake wa pili ni vigumu isipokuwa kijana anatoka katika shule inayofundisha programu hiyo hiyo na masomo yale yale. Marekani hali ni tofauti: alama za madarasa ya 9 hadi 12 hujumlishwa kidogo kidogo, kwa hiyo kuhamia katikati kunawezekana, ila kila mwaka uliopita lazima uwe na hati ya matokeo itakayokubaliwa. Japani elimu ya lazima huisha mwanafunzi akiwa na miaka 15, na kuingia sekondari ya juu kwa kawaida huhitaji mtihani wa kujiunga.

Kalenda nazo hazifanani. Australia na New Zealand huanza mwaka wa shule mwishoni mwa Januari au Februari, Japani huanza Aprili, na sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini huanza Agosti au Septemba. Kijana anayevuka kutoka kalenda moja kwenda nyingine ama hurudia nusu mwaka ama huruka nusu mwaka, na ni afadhali mlijue hilo mkiwa bado nyumbani.

Kwa maoni yangu kuna milango miwili tu iliyo salama, nayo ni kabla kipindi cha mtihani hakijaanza, au mara tu baada ya kwisha. Ikiwa tarehe ya kazi inaangukia katikati, mzazi mmoja anaweza kutangulia na wengine wakafuata baada ya miezi kadhaa, au mtafute mji wenye shule inayofundisha mtaala ule ule aliouanza. Njia ya tatu ni kurudia mwaka. Wazazi wengi huiona kama fedheha, ilhali kwa kijana anayebadili lugha na mtaala kwa pamoja inaweza kuwa zawadi, mradi umri wake uendelee kumruhusu kukaa katika shule za serikali na katika kibali chenu cha kuishi.

Hatua ya 2: Soma sheria za umri, kisha mipaka ya majimbo

Kibali cha kuishi humtambua kijana kama mtegemezi hadi umri fulani tu. Uingereza kwa kawaida hutaka mtoto awe chini ya miaka 18 anapoombewa viza ya mtegemezi kwa mara ya kwanza, Marekani humhesabu kuwa mtoto akiwa chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa, na Kanada hadi chini ya miaka 22. Kijana wa miaka 17 anayechelewa miezi michache kuombewa anaweza kujikuta ni mtu mzima mbele ya sheria, mwenye kujitafutia kibali chake. Uliza pia kama ataruhusiwa kufanya kazi ndogo za baada ya shule. Watoto wa wenye viza ya kazi ya H-1B nchini Marekani, kwa mfano, huingia kwa viza ya wategemezi ya H-4 na hawaruhusiwi kuajiriwa, jambo linalomuuma kijana ambaye wenzake wote wanajipatia fedha za mfukoni wakati wa likizo.

Ada ya chuo kikuu nayo ifikiriwe sasa, kwa sababu miaka ya ukaazi huanza kuhesabiwa siku mnayofika. England hutaka, pamoja na masharti ya uhamiaji, miaka 3 ya ukaazi kabla kozi haijaanza ili mwanafunzi alipe ada ya wenyeji. Vyuo vya umma katika majimbo mengi ya Marekani hutaka takriban miezi 12 ya ukaazi ndani ya jimbo. Familia inayofika kijana akiwa na miaka 16 inaweza kukosa kigezo cha kwanza kwa miezi michache tu.

Hapo ndipo mipaka ya ndani ya nchi inapokuwa na uzito kuliko wageni wanavyodhani. Ujerumani ina majimbo 16 na Uswisi ina kantoni 26, na kila moja huendesha shule zake. Kanada elimu ni mamlaka ya majimbo, wala si ya serikali kuu. Kuhama kilomita 20 kunaweza kubadili mtaala, mtihani, na hata lugha ya kufundishia. Katika jimbo la Quebec, kwa sheria ya mwaka 1977, watoto wa wahamiaji kwa kawaida husoma shule za umma za Kifaransa hadi mwisho wa sekondari, ingawa wapo wanaosamehewa, kama vile wanaokaa kwa muda. Barcelona lugha kuu ya shule za umma ni Kikatalani, na kijana aliyejifunza Kihispania mwaka mzima kwa ajili ya safari hiyo atashangaa siku ya kwanza darasani. Brussels ina shule za Kifaransa na za Kiholanzi katika mtaa mmoja, na mji wa Biel nchini Uswisi huishi kwa Kijerumani na Kifaransa kwa pamoja. Kwa hiyo usiulize tu nchi inasema lugha gani. Uliza shule za mji huo zinafundisha kwa lugha gani.

Neno moja kwa mzazi aliyeachana na mwenzake: pata ridhaa ya maandishi, au amri ya mahakama, kabla ya kulipia chochote. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 kuhusu utekaji wa watoto unahusu watoto walio chini ya miaka 16, na chini yake mtoto aliyehamishwa bila ridhaa ya mwenye haki ya malezi anaweza kuamriwa arudishwe. Aliyetimiza miaka 16 hutoka nje ya mkataba huo, lakini sheria za nchi husika huendelea kumhusu.

Hatua ya 3: Pima lugha ya darasani, si lugha ya dukani

Jim Cummins, mtafiti wa elimu nchini Kanada, alitofautisha lugha ya mazungumzo, ambayo mtoto huipata kwa takriban miaka 2, na lugha ya masomo, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 5 hadi 7 kufikia kiwango cha wenzake. Hesabu hiyo haina huruma kwa mwenye miaka 16. Atapata marafiki wa kucheka nao kabla hajaweza kuandika insha ya historia, na mtihani hautamsubiri.

Kwa kijana wa miaka 12 au 13 ambaye hajui lugha ya nchi, mji mdogo wenye wageni wachache unaweza kumfaa sana, kwa kuwa hatakuwa na pa kukimbilia na lugha itamwingia haraka. Kwa wa miaka 16 nasema kinyume. Anahitaji mji mkubwa kiasi cha kuwa na darasa rasmi la wageni, kama yale ya Ufaransa yanayoitwa UPE2A, au shule inayofundisha kwa lugha anayoimudu tayari. Madarasa hayo hupatikana zaidi mijini kuliko vijijini, na hata mjini hayapo katika kila shule. Kwa hiyo ulizia jina la shule yenye darasa hilo, usitosheke na jibu kwamba nchi ina utaratibu wa kuwasaidia wageni.

Kuna nchi zinazowagawa wanafunzi mapema katika mikondo, yaani aina tofauti za shule, za kitaaluma au za ufundi. Majimbo mengi ya Ujerumani hufanya hivyo baada ya darasa la 4, Berlin na Brandenburg baada ya darasa la 6, Uholanzi katika umri wa miaka 12 hivi, na Italia kijana wa miaka 14 huchagua kati ya shule za kitaaluma, za kiufundi na za ufundi stadi. Mgeni huweza kupangwa mkondo wa chini kwa sababu ya lugha ilhali akili yake haina tatizo lolote. Katika nchi za namna hiyo, mji wenye shule inayounganisha mikondo yote chini ya paa moja, kama Gesamtschule za Ujerumani, una thamani kubwa kuliko mji wenye shule moja mashuhuri ambayo haitampokea.

Hatua ya 4: Tafuta shule kwanza, mji utafuata

Watu wengi huchagua mji, wakapanga nyumba, ndipo wakaanza kutafuta shule. Geuza mpangilio huo. Orodhesha shule zinazoweza kumpokea kijana wako, darasa lake na masomo yake, kisha uone zimekusanyika wapi. Mji usio na angalau shule 2 zinazomfaa nauondoa kwenye orodha hata kama hiyo moja iliyopo ni nzuri ajabu, kwa sababu kijana akishindwana na shule ya pekee mjini, familia nzima italazimika kuhama tena.

Takwimu za kimataifa zitakusaidia kidogo sana hapa. Majaribio ya PISA, ambayo shirika la OECD limeyaendesha tangu mwaka 2000 kwa wanafunzi wa miaka 15, hulinganisha nchi na nchi. Hayakuambii chochote kuhusu shule iliyo karibu na kituo fulani cha treni. Kinachosaidia ni ripoti za ukaguzi za shule moja moja. England ripoti za Ofsted, mamlaka ya ukaguzi wa shule, ziko wazi kwa umma, New Zealand zipo za Education Review Office, na Australia tangu mwaka 2010 kuna tovuti ya serikali ya My School inayoonyesha taarifa za kila shule. Soma maneno ya wakaguzi kuhusu nidhamu, uonevu na wanafunzi wageni, na usikomee kwenye alama.

Kisha ziandikie shule barua pepe fupi yenye maswali ambayo hayajibiki kwa kipeperushi cha matangazo. Je, darasa la kijana wangu lina nafasi kwa mwezi tutakaofika? Wanafunzi wangapi wameingia darasa hilo katikati ya mwaka katika miaka 2 iliyopita? Nani hasa, kwa cheo chake, humpokea mgeni na kumfuatilia katika wiki za kwanza? Kijana anayesoma fizikia, muziki na historia anaweza kuendelea na yote matatu, au ratiba inamlazimisha kuacha mojawapo? Wakati wa chakula cha mchana mwanafunzi asiyemjua mtu yeyote hukaa wapi? Swali hilo la mwisho huonekana la kitoto, lakini shule yenye jibu lake imekwisha kuwafikiria wageni. Namna ya kujibu nayo ni ushahidi: shule inayochukua wiki 5 kujibu mzazi anayetaka kuleta mwanafunzi haitakuwa na haraka zaidi siku kijana atakapokuwa na shida.

Mkishapata shule, ndipo mtafute nyumba, kwa sababu mara nyingi anwani ndiyo tiketi. Wilaya za shule nchini Marekani hupokea wanaoishi ndani ya mipaka yake. Shule nyingi za England, zikiwa na waombaji kuliko nafasi, huangalia umbali kati ya nyumba na lango la shule. New Zealand shule nyingi zina eneo lake rasmi, na mkaazi anayeishi humo ana haki ya kuandikishwa. Dalali wa nyumba anaweza kukuapia kwamba mtaa umo ndani ya eneo hilo. Thibitisha na shule yenyewe au halmashauri kabla ya kutia sahihi, kwani mpaka unaweza kupita katikati ya barabara.

Hatua ya 5: Chora ramani ya miguu ya kijana

Hatua hii ndiyo kiini cha kazi yote. Chukua kila mji uliobaki, weka alama kwenye nyumba inayowezekana, shule, maktaba, uwanja au ukumbi wa shughuli anayoipenda, na mahali ambapo vijana hukutana. Sasa chora duara la dakika 30 kuzunguka nyumba, ukihesabu tu mwendo wa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Gari la mzazi halimo katika hesabu hii. Vilivyobaki nje ya duara vichukulie kuwa havipo, kwa sababu kijana ambaye kila matembezi yake hutegemea ratiba na hisia za mzazi ataacha kuomba baada ya muda, na mzazi atadhani ametulia.

Umri wa kuendesha gari unaweza kuibadili ramani hiyo. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu leseni yenye masharti katika umri wa miaka 16, Uingereza 17, na Ujerumani 18, au 17 akiwa na mtu mzima aliyesajiliwa kando yake. Kijana wa miaka 14 anayehamia kitongoji kisicho na basi, katika nchi ya leseni kwa miaka 18, ana miaka 4 ya kuombaomba usafiri. Kwa upande mwingine ipo miji iliyomrahisishia: usafiri wa umma ni bure katika nchi nzima ya Luxembourg tangu mwaka 2020, na katika mji wa Tallinn, Estonia, ni bure kwa wakaazi waliosajiliwa tangu mwaka 2013. Pontevedra nchini Hispania ilianza kuondoa magari katikati ya mji mwaka 1999, na Groningen, Uholanzi, kijana hahitaji zaidi ya baiskeli.

Usiangalie basi la asubuhi, maana hilo lipo karibu kila mahali. Angalia basi la mwisho Jumamosi usiku, na basi la Jumapili mchana. Ratiba ya saa hizo itakueleza kama mji unawatambua watu wasio na gari, au unawapeleka kazini tu na kuwarudisha.

Kuhusu ukubwa, nina upendeleo ambao sitauficha. Mji wa kati wenye chuo kikuu, kama Leuven nchini Ubelgiji, Freiburg nchini Ujerumani au Uppsala nchini Uswidi, humfaa kijana mgeni kuliko kijiji na kuliko jiji kuu. Mabasi hutembea hadi usiku, maktaba na viwanja vimefunguliwa, lugha za kigeni husikika mitaani bila mtu kugeuka kutazama, na bado mji ni mdogo kiasi kwamba atakutana na mwanafunzi mwenzake bila kupanga. Ubaya wake ni mmoja na si mdogo: nyumba za kupanga hugombaniwa na wanafunzi, hasa kabla ya mwaka wa masomo kuanza. Mji niliojifunza kuutilia shaka ni ule wa pwani wa kitalii, unaopendeza mnapoutembelea Julai na kufunga nusu ya milango yake Novemba, wakati ambapo kijana ndipo anapohitaji mahali pa kwenda.

Hatua ya 6: Hakikisha jambo lake moja linaendelea

Kila kijana ana jambo moja linalomfanya ajione kuwa yeye, liwe kuogelea, sataranji, fidla au kutengeneza programu za kompyuta. Muulize ni lipi, na usikisie. Mji unaoliendeleza jambo hilo humpa kundi la watu kabla hajawa na lugha ya kutosha.

Tafuta linaendeshwa na nani. Ujerumani michezo mingi huendeshwa na klabu za mtaani nje ya shule, wakati Marekani timu za shule ndizo kitovu, na timu za msimu wa vuli huwa na majaribio hata kabla masomo hayajaanza. Anayefika wiki moja baadaye hungoja mwaka mzima. Vyama vya michezo vya shule huko vina pia kanuni za wanafunzi waliohama. Kwa mchezaji wa mpira wa miguu kuna jambo ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kanuni za FIFA, katika kifungu cha 19, huzuia uhamisho wa kimataifa wa wachezaji walio chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa wazazi wamehama kwa sababu zisizohusiana na mpira. Weka mkataba wa kazi na hati za ukaazi tayari, maana klabu itazidai kabla ya kumsajili, na idhini huchukua muda.

Hatua ya 7: Afya na mwanga

Hapa nitakuwa mfupi. Kijana anayetumia dawa za kila siku aanze na swali kama dawa hiyo inaruhusiwa kuingia nchini. Japani, kwa mfano, hupiga marufuku dawa zenye amfetamini hata zikiwa zimeandikwa na daktari. Ikiwa anapata ushauri nasaha au msaada maalumu darasani, uliza mjini humo foleni ya huduma hiyo ni ya muda gani, kisha mbebe na ripoti za wataalamu wenu. Na msidharau majira ya baridi. Tromsø, kaskazini mwa Norwe, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na kijana aliyewahi kuwa na huzuni nzito hapaswi kulijua giza hilo kwa mara ya kwanza akiwa pia hana marafiki.

Hatua ya 8: Mpe kijana kura yenye mipaka

Kumuuliza kijana kama anataka kuhama, wakati uamuzi umekwisha kufanywa, ni kumdhihaki. Mpe uamuzi ambao kweli ni wake. Mletee miji 3 ambayo wewe unaweza kuishi nayo yote, umpe haki ya kufuta mmoja bila kutoa sababu, na umwachie sehemu ya utafiti: ratiba za mabasi, klabu, na jinsi siku ya shule inavyokwenda. Ataona mambo ambayo hukuyaona. Usimwahidi mbwa, chumba kikubwa au safari ya nyumbani kila likizo ili akubali, kwa kuwa ahadi ya kwanza itakayovunjika ndiyo atakayoikumbuka.

Hatua ya 9: Utembelee mji kama mwanafunzi

Mkiweza kwenda, nendeni katika siku za shule, si wakati wa likizo. Jumanne saa moja asubuhi, pandeni basi ambalo kijana atalipanda, mshuke katika kituo chake, mtembee hadi langoni. Omba aketi darasani siku nzima. Shule nyingi hukubali zikiombwa mapema. Ijumaa jioni mwache akae kwa muda wa saa 2 katikati ya mji peke yake au na ndugu yake, akiwa na simu na jambo dogo la kufanya, kisha usimhoji mara anaporudi. Mvua ikinyesha, msilalamike, kwa kuwa mmepata nafasi ya kuuona mji bila vipodozi.

Mkishindwa kusafiri, piteni njia ya kwenda shuleni kwa picha za mitaa zilizomo katika ramani za intaneti, na muombe shule iwakutanishe kwa video na mwanafunzi aliyefika kutoka nchi nyingine. Wazazi waondoke chumbani wakati wa mazungumzo hayo.

Hatua ya 10: Kuhama, na muhula wa kwanza

Miji miwili ikilingana, chagua ule ambao shule yake ya pili ni nzuri zaidi. Pangeni nyumba, msinunue, na mtafute mkataba wa miezi 6 hadi 12, mkihakikisha kwamba shule inaukubali kama uthibitisho wa anwani. Hati za matokeo za miaka 3 iliyopita, muhtasari wa masomo aliyosoma, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo ziwe zimetafsiriwa na mtafsiri anayetambuliwa, na kwa nchi zilizomo katika mkataba wa Hague wa mwaka 1961, zile zinazohitaji ziwe na muhuri wa apostili, unaothibitisha uhalali wa hati nje ya nchi. Zibebeni katika mizigo ya mkononi. Fikeni wiki 3 au 4 kabla shule haijafunguliwa, ili kijana awe amezoea njia kabla hajalazimika kuzoea watu.

Kisha, wiki ya 10, fungua tena ile karatasi ya hatua ya kwanza na ujiulize maswali matatu. Kijana amekwenda mahali pasipo shule, bila wewe, mara ngapi mwezi huu? Kuna jina la mwenzake analolitaja nyumbani bila kuulizwa? Anaelewa walimu, au ananakili tu? Jibu moja baya linahitaji subira na pengine mwalimu wa ziada. Yakiwa mabaya yote matatu, zungumza na shule wiki hiyo hiyo, na ikiwa muhula unaofuata hauonyeshi mabadiliko, peleka maombi katika ile shule ya pili mliyoiweka kwenye orodha, kabla kipindi kingine cha mtihani hakijaanza.